Ubelgiji kwa treni, siku moja: nchi inayojua utamu wa kurudishiwa

Wadau, kuna aina ya video ambayo imejaa sana siku hizi. Mtu yuko peke yake, begi dogo mgongoni, anapanda treni Brussels asubuhi, na kabla giza halijaingia ameshamaliza Antwerp, Ghent na Bruges. Picha ya stesheni, picha ya mfereji, picha ya chipsi na mayonesi, picha ya chokoleti, kwisha.

Sina ubaya na hizo video. Safari yenyewe nimeifanya, tena peke yangu, na ni rahisi kuliko kutoka Rongai kwenda mjini Jumatatu asubuhi. Ubelgiji ni ndogo. Kaunti ya Tana River pekee ni kubwa kuliko nchi hiyo nzima. Antwerp hadi Ghent ni kama saa moja, Ghent hadi Bruges haifiki nusu saa, na treni zinapishana mchana kutwa. Ukikosa moja unakunywa kahawa, unangoja nyingine.

Shida yangu ni kwamba hiyo njia inakupitisha katikati ya kesi nzito ya historia, kesi ambayo inatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja, na karibu kila mtu anaipita akitafuta mahali pa kupiga picha. Ubelgiji ni nchi ambayo imeibiwa vitu vyake vya thamani mara nyingi, ikavidai, na ikarudishiwa. Huko wanakumbuka hadi ubao mmoja uliopotea. Sasa Kongo nayo inadai vyake, na ghafla mambo yanakuwa magumu, yanahitaji tume, yanahitaji utafiti, yanahitaji subira. Hebu tupande treni tuone.

Kwanza heshima kwa reli yenyewe. Ubelgiji ilipata uhuru mwaka 1830, na tarehe 5 Mei 1835 treni za kwanza zikatoka Brussels kwenda Mechelen. Nchi haikuwa hata na miaka mitano. Ilikuwa miongoni mwa reli za kwanza kabisa za abiria katika bara la Ulaya, na haikuachiwa wafanyabiashara: serikali ndiyo iliyoamua, serikali ndiyo iliyojenga. Mwaka uliofuata ikafika Antwerp, na kufikia 1838 ilikuwa imepita Ghent na Bruges hadi Ostend baharini. Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti cha dirishani, uko kwenye njia ambayo ni ya zamani karibu kama nchi yenyewe.

Antwerp sasa. Ukishuka Antwerpen-Centraal usikimbilie mlango. Simama katikati ya ukumbi uangalie juu. Kuba lina urefu wa mita 75. Marumaru, ngazi pana, saa kubwa ya dhahabu, utadhani umeingia kanisani. Ilijengwa kati ya 1895 na 1905, na aliyechora ramani ya jengo hilo anaitwa Louis Delacenserie, mzaliwa wa Bruges. Weka hilo jina mfukoni, tutalirudia.

Angalia ile miaka tena. Kuanzia 1885 hadi 1908, Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili. Si koloni la Ubelgiji bado, mali yake binafsi, na ilikuwa kubwa zaidi ya mara 75 kuliko nchi aliyoitawala nyumbani. Pembe za ndovu na mpira wa kutengenezea matairi vilishuka kwa meli hapo Antwerp. Mwishoni mwa miaka ya 1890, karani kijana wa kampuni ya meli ya Liverpool, E. D. Morel, alikuwa akitumwa bandari hiyo kusimamia hesabu. Akaona kitu cha ajabu. Meli zinakuja zimejaa mpira na pembe. Zinarudi Kongo na bunduki, risasi na maafisa. Bidhaa za kubadilishana, hakuna. Sasa kama hulipi, watu wanakuletea huo mpira kwa sababu gani? Karani akajijibu mwenyewe: wanalazimishwa. Akaacha kazi na kuanza kampeni iliyochangia kumnyang'anya Leopold Kongo mwaka 1908. Ilianzia kwenye daftari la mizigo, wadau.

Sisemi kila jiwe la stesheni lililipwa na mpira. Antwerp ilikuwa bandari tajiri karne kadhaa kabla Leopold hajazaliwa, na uongo hausaidii kesi yetu. Ninachosema ni kwamba wakati mafundi wanapandisha kuba lile, kilomita chache kutoka hapo, mtoni, meli zilikuwa zinashusha mizigo ya Kongo.

Tembea mpaka uwanja mkuu, Grote Markt. Mbele ya jengo la manispaa kuna sanamu ya mwaka 1887: kijana uchi, mwili umejipinda, anataka kurusha mkono uliokatwa. Huyo ni Brabo. Hadithi ya wenyeji inasema jitu lililoitwa Antigoon lilitoza ushuru meli kwenye mto Scheldt, na nahodha asiyelipa alikatwa mkono. Brabo akaliua, akalikata mkono, akautupa mtoni. Mkono ni nembo ya mji. Madukani wanauza biskuti na chokoleti zenye umbo la mkono, kwenye kopo zuri, zawadi ya kupeleka nyumbani.

Mtu yeyote aliyewahi kusoma kidogo kuhusu Kongo atasimama hapo akose la kusema. Askari wa Leopold walitakiwa kutoa hesabu ya kila risasi, na ushahidi kwamba risasi haikupotezwa kwa kuwinda ulikuwa mkono wa binadamu. Mwaka 1904 mmishonari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala, ameketi kibarazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Ndiyo vilivyobaki.

Hadithi ya Brabo ni ya karne nyingi kabla ya hayo, haikutokana na Kongo. Lakini biskuti za mkono zilibuniwa miaka ya 1930, wakati habari za Kongo zilikuwa zimeshajulikana dunia nzima kwa miaka 30, na inaonekana hakuna aliyeona tatizo. Mimi sikununua. Wewe ukinunua sitakugombeza, ila jua unachotafuna.

Ghent ndiko ninakotaka tukae.

Watu wengi hushuka Ghent, wanapiga picha ya nyumba za kando ya mto pale Graslei, wanaondoka. Makosa. Ingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo. Ndani kuna mchoro wa madhabahu uliokamilika mwaka 1432, kazi ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck. Mbao 12 zinazofunguka na kufungika kama kabati, katikati mwanakondoo juu ya madhabahu, watu wakimjia kutoka pande zote. Kila jani limechorwa, kila unywele. Mimi si mtu wa makumbusho sana, lakini pale nilisimama hadi miguu ikalalamika.

Sikiliza sasa mchoro huu umepitia nini. Mwaka 1566 Waprotestanti walivamia makanisa wakivunja sanamu, na watu wa Ghent wakauficha mnarani. Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa yakachukua mbao za katikati na kuzipeleka Paris, kwenye makumbusho ya Louvre. Napoleon aliposhindwa pale Waterloo mwaka 1815, zikarudishwa. Haujapita mwaka mzima vizuri, mkubwa mmoja wa kanisa lenyewe akauza mbao sita za pembeni kwa mfanyabiashara wa sanaa. Akauza, mnanielewa? Pesa zikapita mkononi. Zikafika kwa tajiri Mwingereza, naye mwaka 1821 akamuuzia mfalme wa Prussia. Zikakaa Berlin karibu miaka 100, na Wajerumani wakazipasua kwa msumeno ili pande zote mbili zionekane ukutani kwa wakati mmoja.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Ujerumani iliivamia Ubelgiji, ikachoma maktaba ya chuo kikuu cha Leuven, ikashindwa vita. Mwaka 1919, kwenye Mkataba wa Versailles, kukawekwa kifungu cha 247. Kinasema Ujerumani itoe vitabu na maandiko kufidia yale yaliyoungua Leuven, na irudishe Ubelgiji mbao za Ghent zilizokuwa Berlin. Zile zile zilizouzwa. Zile zile ambazo mfalme wa Prussia alizilipia na risiti anayo. Hakuna aliyesema, "Lakini tulinunua." Au kama walisema, hawakusikilizwa. Zikarudi mwaka 1920.

Na bado. Mwaka 1934, usiku mmoja wa Aprili, mwizi akaingia kanisani akang'oa mbao mbili. Akadai kikombozi, na mmoja akaurudisha ili kuonyesha hatanii. Mtu aliyeshukiwa, Arsène Goedertier, alisema akiwa anakata roho kwamba yeye peke yake ndiye anayejua ubao wa pili ulipo. Akafa nao moyoni. Ubao huo, Waamuzi Waadilifu, haujapatikana hadi leo. Unaouona pale ni nakala. Kila baada ya miaka michache kuna mtu anakuja na nadharia mpya ya mahali ulipofichwa.

Vita ya Pili, Wanazi nao wakautaka wote. Mwaka 1942 wakauchukua kutoka Ufaransa kusini ulikokuwa umehifadhiwa, na mwisho ukaishia kwenye mgodi wa chumvi huko Altaussee, Austria. Mwaka 1945 Wamarekani wakaufikia, ukarudi nyumbani.

Ukitoka hapo ukapanda treni ya Bruges, dakika 25 hivi, unakutana na stori hiyo hiyo kwa sura nyingine. Bruges kila mtu anaijua kwa uzuri, na uzuri wenyewe ni wa kinyume. Karne ya 13 na 14 ulikuwa mmoja wa miji tajiri Ulaya: sufu kutoka Uingereza, wafanyabiashara wa Italia na Ujerumani, na familia ya Van der Beurze ambayo nyumba yao ya wageni inasemekana ndiyo iliyozaa neno ambalo Wafaransa hutumia kuita soko la hisa. Kisha mkono wa bahari, Zwin, ukajaa mchanga. Meli zikahamia Antwerp. Mji ukafukarika, ukalala mamia ya miaka, na kwa sababu hakukuwa na pesa za kubomoa na kujenga upya, nyumba za zamani zikabaki. Yaani watalii wanalipa leo kuangalia umaskini wa jana. Ingawa si zote za zamani unavyodhani: karne ya 19 majengo mengi yalikarabatiwa na mengine yakaundwa upya yaonekane ya kale, na aliyesimamia kazi nyingi za namna hiyo ni yule Delacenserie wetu wa stesheni ya Antwerp. Huyo mzee alijua kutengeneza mandhari.

Katika Kanisa la Mama Yetu, Bruges, kuna sanamu ya marumaru ya Maria na mtoto, kazi ya Michelangelo. Si kubwa. Wafaransa waliichukua mwaka 1794, ikarudishwa. Wajerumani waliokuwa wanakimbia waliichukua mwaka 1944, ikapatikana kwenye mgodi ule ule wa Altaussee, ikarudishwa.

Kwa hiyo mchana mmoja, miji miwili, na umeona vitu vilivyoporwa na Ufaransa vikarudi, vilivyoporwa na Ujerumani vikarudi, hata vilivyouzwa kwa hiari vikarudi. Sasa turudi Brussels tuulize upande wa pili.

Nje kidogo ya jiji, Tervuren, kuna Makumbusho ya Afrika. Leopold aliagiza jengo lake, likafunguliwa 1910 akiwa amekufa. Ndani kuna mkusanyiko mkubwa sana wa vitu vya Afrika ya kati. Kimoja ni sanamu ya mbao ya chifu Lusinga wa Watabwa, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Hapa ndipo Waswahili tunaingia kwenye stori, na si kwa sifa. Afisa wa Ubelgiji, Émile Storms, alikuja kwa njia ya Zanzibar kama wazungu wengi wa wakati huo, akapita Karema ambayo leo iko Tanzania, akajenga kituo Mpala ng'ambo ya ziwa. Watu waliombebea mizigo na bunduki walikuwa wa misafara ya pwani na bara, watu waliozungumza lugha hii ninayoandika. Desemba 1884 alituma kikosi kikamuua Lusinga, wakamkata kichwa. Storms alirudi Ulaya na sanamu ya chifu pamoja na fuvu lake. Fuvu likaishia kwenye makumbusho ya Brussels kama kielelezo cha sayansi.

Mkenya anayesoma hapa ameshafika mbali kimawazo. Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905, na fimbo zake tatu zilirudi kutoka Uingereza mwaka 2006, kichwa Wanandi bado wanakitafuta. Na nilisema Tana River ni kubwa kuliko Ubelgiji? Huko huko ndiko ilikotoka Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, iliyochukuliwa na maafisa wa Uingereza mwaka 1902. Iko London, stoo.

Kuwa mkweli, Ubelgiji imeanza kusogea, na imesogea kuliko baadhi ya majirani zake. Februari 2022 waziri mkuu wake alimkabidhi mwenzake wa Kongo orodha ya vitu takriban 84,000. Orodha, si vitu. Julai mwaka huo wakapitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vilivyopatikana isivyo halali. Juni, mfalme Philippe alikwenda Kinshasa akiwa na barakoa kubwa ya Wasuku, inaitwa Kakuungu, akaikabidhi makumbusho ya taifa. Kwa mkopo. Mkopo usio na kikomo, ndivyo walivyouita. Yaani mtu anakukopesha kitu cha babu yako na unapiga makofi.

Hoja za kukataa nazijua, nimezisikia hadi kwa Waafrika wenzangu kwenye maoni. Ya kwanza: vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi. Ni kweli, si vyote viliporwa, na lazima kila kimoja kichunguzwe. Lakini mbao za Ghent ziliuzwa na kanisa lenyewe, bila bunduki kichwani, na bado dunia ilikubali kwamba mahali pake ni Ghent. Mtu aliyeuza barakoa mwaka 1900 mbele ya afisa mwenye kikosi, hiari yake ilikuwa kubwa kuliko ya yule padri?

Ya pili ndiyo inayouma: vikirudi vitaibiwa. Na kweli, kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha Zaire vitu zaidi ya 100, na baadaye baadhi vikaonekana sokoni Ulaya. Ni aibu, tusijifiche. Ila kumbuka ule ubao wa 1934. Uliibwa kutoka kanisani, Ghent, mikononi mwa wenyewe, na umepotea hadi leo. Je, kuna aliyependekeza mbao zilizobaki zipelekwe Berlin kwa usalama? Waliweka nakala, wakaimarisha ulinzi, wakaendelea. Na Kinshasa ina makumbusho mapya ya taifa tangu 2019, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayepanga ile siku moja: toa mji mmoja. Mimi ningetoa Antwerp, ila uione stesheni siku nyingine maana kuikosa ni dhambi. Asubuhi na mapema nenda kituo cha Montgomery, Brussels, upande tramu namba 44. Inapita chini ya miti mikubwa, inaingia msituni, mwisho wake ni Tervuren. Njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, wakati Leopold alipoleta Wakongo 267 waonyeshwe kwa wageni kwenye vijiji vya kuigiza katika bustani yake. Majira ya joto mwaka ule yalikuwa ya baridi na mvua. Saba walikufa. Makaburi yao yako hapo Tervuren, ukutani mwa kanisa la parokia, mawe saba yaliyopangwa mstari mmoja. Ukimaliza hapo na makumbusho, rudi mjini, na treni ya Ghent utaipata bila haraka.